Marinda ya Chuma

Siku ya tatu ya kufungiwa ndani, Murhula alikuwa anaweka bakuli la uji mlangoni mwa chumba cha mkewe simu yake ilipoita. Généreuse alikuwa ameupata ugonjwa wa mlipuko kazini, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akiwaosha na kuwalisha wasiojiweza, na amri ilikuwa nyumba nzima isitoke siku kumi na nne. Yeye akae chumbani peke yake, mume na binti wakae sebuleni. Murhula aliona jina la Terry, msimamizi wa zamu kiwandani, na moyo ukamwambia amefukuzwa. Miaka tisa alikuwa pale, lakini si kama mwajiriwa wa kiwanda. Alikuwa kibarua wa wakala wa ajira, na kibarua asiyefika kazini hana mshahara wala hana wa kumtetea.

"Ketsia," aliita, "njoo unisikilizie."

Ketsia alikuwa na miaka kumi na sita, na wakati huo alikuwa mezani mbele ya kompyuta, akihudhuria darasa la hisabati kwa mtandao. Alinyamazisha kipaza sauti, akachukua simu, akasikiliza huku amekunja uso. Kisha akamwambia baba yake, kwa Kiingereza chepesi kama kawaida yake, kwamba hawamfukuzi. Wanaomba msaada. Chuma kinatoka kibaya na hawajui sababu.

Kiwanda kilikuwa St Marys, kituo kimoja cha treni kutoka kwao Mount Druitt. Kilichoma vipande vya chuma kwenye tanuri mpaka vikawa vyekundu, kikavipitisha katikati ya rola nzito, jozi baada ya jozi, mpaka kipande kinene kama tofali kikawa ukanda mrefu, mwembamba, wa kutengenezea mabomba na nguzo za uzio. Mtu aliyewahi kusukuma chapati anaijua shida ya kazi ile. Ukikandamiza zaidi pembeni, pembeni panarefuka kuliko katikati, na kwa kuwa hapana pa kwenda, panajikunja mawimbi mawimbi. Ukikandamiza zaidi katikati, katikati panatuna. Murhula aliyaita ya kwanza marinda, na ya pili kitambi. Wahandisi walikuwa na majina yao mengine, na namba zao kwenye skrini. Yeye alikuwa na macho na masikio, maana ukanda ulionyooka hupita ukivuma, na wenye marinda hupita ukipiga makofi.

Ketsia aliwasha picha. Upande mmoja wa skrini alikuwapo Terry, barakoa chini ya kidevu, akielekeza simu yake kwenye mashine. Upande wa pili alikuwapo Lachlan, mhandisi, kijana mwenye ndevu nyekundu aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwake tangu Juni, nyuma yake rafu ya vitabu na baiskeli imetundikwa ukutani. Lachlan alieleza kwamba tangu jana ukanda una mawimbi upande mmoja. Ameagiza skrubu za rola zikazwe upande wa pili, mawimbi yamepungua, lakini sasa ukanda unapinda kama ndizi na mteja ameurudisha.

Murhula aliisogeza simu sikioni, akafumba macho, akasikiliza makofi.

"Waambie baache skrubu," alisema. "Skrubu haina kosa. Ule upande wa ukuta maji haifike. Rola inapata moto, inavimba, inakandamiza chuma zaidi upande ule. Bafungue ile midomo ya maji, basafishe. Iko na maganda ya chuma ndani."

Ketsia alisita. Midomo ya maji hakuijua kwa Kiingereza, akasema ni kama bomba la kumwagilia bustani likiziba uchafu. Lachlan alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka, akaandika. Baada ya dakika arobaini Terry alipiga tena. Aliwasikilizisha mashine tu. Ukanda ulikuwa unavuma.

Ketsia alimtazama baba yake kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. Kwake yeye baba alikuwa mtu anayerudi na harufu ya mafuta, anayelala kwenye kochi na kuuliza barua imesema nini. Hakujua kwamba yuko mtu mwenye shahada anayemsubiri huyu amalize kufumba macho.

*

Simu ziliendelea kila siku, nyingine mara mbili kwa siku. Terry alisema, na Ketsia akafasiri, kwamba Murhula akirudi watakaa wazungumze habari ya ajira ya kudumu. Murhula alikwenda kusimama mlangoni mwa chumba akamweleza mkewe.

"Bameandika?" Généreuse aliuliza kutoka ndani, katikati ya kikohozi.

"Amesema."

"Kusema ni kusema."

Katika simu ya nne Lachlan aliuliza kitu kwa upole mkubwa. Alitaka kujua kama Mr. Murhula anaridhia mazungumzo haya yarekodiwe, kwa ajili ya mafunzo tu. Ketsia alikuwa na jaribio la kemia baada ya dakika sita. Kumweleza baba neno kuridhia, na kurekodi, na mafunzo, na kungoja aulize kwa nini na kwa faida ya nani, kungekula zote sita. Alijibu kwamba ni sawa, hakuna shida.

"Amesema nini?" Murhula aliuliza.

"Anasema asante, Papa."

Basi Murhula aliendelea kufundisha bila kujua kwamba anafundisha. Alieleza namna kitambi kinavyokuja mchana rola zikichoka na joto, na kiasi cha maji ya kuongeza katikati. Siku moja alizungumza robo saa nzima juu ya rola mpya. Alisema rola zikibadilishwa ni baridi na nyembamba katikati, na ukizipa chuma kwa kasi ya kawaida marinda yanatoka pande zote mbili, na mkia wa ukanda, ukifika mahali hakuna kinachouvuta, unakunjika na kuruka kama mjeledi. Rola mpya, alisema, ni kama mgonjwa aliyetoka kitandani leo. Unamtembeza mpaka apate damu, humtumi sokoni. Vipande ishirini vya kwanza vipite polepole, na mtu asisimame upande wa kutokea. Ketsia alikuwa amechoka. Alifasiri kwamba anasema mwanzoni mwende polepole.

Siku ya tisa, saa sita mchana, walibisha hodi. Alikuwa polisi mmoja na wanajeshi wawili wenye sare za mabakabaka, wanapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha wagonjwa hawajatoka. Walitaka wote watatu watoke barazani waonekane uso. Murhula alijaribu kusema mkewe ana homa, hawezi kusimama. Polisi alirudia, bila ukali, kwamba lazima amwone.

Généreuse alitoka akishika ukuta, amejifunga kitenge juu ya nguo ya kulalia. Alipoziona sare alisimama wima ghafla, mikono ikashuka ubavuni, wazi, ili ionekane haina kitu. Hivyo ndivyo walivyosimama wakati wa vita kwao, Bunyakiri, kila sare ilipofika. Mwanajeshi mmoja, kijana mwenye chunusi, alimwuliza kama wana chakula cha kutosha. Alijibu ndiyo. Walipoondoka alikaa chini kwenye sakafu ya vigae, na kitenge kikafunguka.

Simu ya Murhula iliita. Aliipokea. Hata yeye baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Alisimama pale mlangoni akimweleza Terry, kwa Kiingereza chake cha kuokotaokota, kwamba maji yapunguzwe katikati, kidogo, kidogo tena.

"Mimi niko chini," Généreuse alisema bila kuinua sauti, "wewe uko unatengeneza chuma yao."

*

Siku kumi na nne zilikwisha, Généreuse akapona, akabaki na pumzi fupi. Murhula alimpigia wakala kuomba zamu zake. Wiki hii hakuna zamu, walimwambia Ketsia. Wiki iliyofuata hakuna. Wiki ya tatu mwanamke aliyepokea simu kwa wakala aliomba wasipige tena, atapiga yeye.

Jumapili ya mwisho wa Septemba walikuwa kanisani, yaani mezani, kompyuta ya Ketsia imeegemezwa kwenye sufuria, nyuso za waumini zimejipanga kwenye vijisanduku. Wakati wa shuhuda alisimama Callixte, Mrundi wa Blacktown, aliyekulia kambini Kigoma na kuingia nchi hii miaka miwili nyuma. Alivaa tai. Alisema anamshukuru Mungu ambaye hufungua mlango wakati milango yote ya dunia imefungwa. Amepata kazi kiwanda cha chuma St Marys. Wamemfundisha kwa wiki moja tu, na sasa anasimama kwenye rola kubwa. Mkewe, Concilie, alikuwa kando yake akipiga vigelegele vilivyokatikakatika kwa ubovu wa mtandao, na waumini wakaitikia amina kila mmoja kwa wakati wake.

Murhula pia alisema amina. Kisha akainuka akaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Jumatatu alikwenda kiwandani kuchukua buti zake. Kadi yake haikufungua geti. Alisimama nje ya waya mpaka Terry alipotoka na mfuko wa plastiki, ndani yake buti, kofia ngumu na chupa ya chai. Terry hakuwa mtu mbaya. Alimwuliza hali ya mkewe, akaonekana kufurahi kweli kusikia amepona. Halafu, kwa furaha ileile, akamwonyesha kijitabu kilichofunikwa plastiki, kina picha za ukanda na mishale myekundu. Jalada lilikuwa na jina la Lachlan. Alimpa nakala aende nayo, kama ukumbusho. Kwa maneno machache, polepole, ili Murhula amfuate, alieleza kwamba kijitabu kimewasaidia sana. Sasa pale mahali pake anaweza kusimama mtu yeyote, na wakala analeta yeyote aliyepo.

"Thank you, mate," Terry alisema, na kugusa waya kwa kiwiko, maana kupeana mikono hakukuruhusiwa.

Nyumbani Murhula aliweka kijitabu mbele ya Ketsia, akamwomba amsomee. Ketsia alisoma ukurasa wa kwanza akifasiri kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. Kwenye ukurasa wa pili aliacha kusoma. Iliandikwa kwamba midomo ya maji huziba kama bomba la kumwagilia bustani. Yalikuwa maneno yake mwenyewe.

"Endelea," baba yake alisema.

Hakuweza. Aliweka mkono juu ya ukurasa, akasema, safari hii kwa Kiswahili, "Papa, baliuliza. Kama banaweza kurekodi. Mimi nikasema ndiyo."

Murhula alimtazama. Généreuse, aliyekuwa jikoni, alizima jiko ili asikie vizuri. Mama na binti walingoja afoke, na pengine kufoka kungewafaa.

"Ulikuwa na masomo," alisema hatimaye. Halafu akauliza, "Na ile ya rola mpya? Ile ya kutembeza mgonjwa. Iko ukurasa gani?"

Ketsia alifunua kurasa zote, mbele na nyuma. Haikuwamo. Alimwambia haimo, na kwamba labda ni yeye hakuieleza vizuri. Alipendekeza wawapigie simu wawaambie.

Murhula alichukua kijitabu, akakitia chini ya godoro la kochi.

"Hapana," alisema. "Kazi imeisha."

*

Alipata kazi ya ghala, kupanga maboksi ya kuku waliogandishwa, saa nne kwa siku, siku tatu kwa wiki. Vidole vilimfa ganzi. Généreuse alirudi kwa wazee wake na zamu za ziada, na sasa yeye ndiye aliyelipa kodi ya nyumba, jambo ambalo hakulitaja hata mara moja, na kutolitaja kwake kulimchoma Murhula kuliko kama angelitaja. Ketsia aliacha kukaa sebuleni.

Jumamosi moja ya Novemba, mchana, walikuwa wanakula. Simu iliita juu ya meza. Jina la Terry likawaka.

Ilikata, ikaita tena.

Ketsia alinyoosha mkono. Baba yake aliiwahi, akaigeuza kifudifudi kando ya bakuli la maharage.

"Basome kitabu," alisema.

Iliita mara ya tatu, ikatetemesha kijiko. Murhula alijua. Jumamosi ndiyo siku ya kubadilisha rola, na kwa saa ile zilikuwa zimekwisha kufungwa na chuma cha kwanza kinaingia. Aliyajua marinda kana kwamba anayaona, pande zote mbili. Alichota maharage, akayatafuna taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti chakula kilikuwa na ladha. Généreuse alimtazama. Simu ilinyamaza, haikuita tena.

Habari ziliwafikia kesho yake, kanisani, katika orodha ya maombi. Ndugu Callixte yuko hospitali. Chuma cha moto kilitoka kwenye mashine kikamkata paja mpaka karibu na mfupa na kumuunguza. Mchungaji alisema tumshukuru Mungu kwamba yu hai.

Murhula alitoka barazani, akakaa huko mpaka jua lilipomfuata kivulini.

*

Baada ya wiki mbili Callixte aliporudishwa nyumbani, Murhula alipanda treni kwenda Blacktown na mfuko wa unga wa mahindi wa kilo kumi begani. Concilie alimfungulia, akamshukuru, akampokea unga, akamletea kiti. Callixte alikuwa amelala kwenye kochi, mguu juu ya mito, uso umekonda.

Walizungumza habari za mvua na za mchungaji. Mwishowe Callixte akaeleza mwenyewe, bila kuulizwa. Alikuwa ameona mawimbi pande zote mbili, makubwa, hayamo kwenye kijitabu. Alimwambia Terry wasimamishe. Terry alisema koili hizo, kanda za chuma zilizoviringishwa, lazima zitoke leo.

"Nikamwambia, basi mpigie kaka Murhula, yeye atajua. Watu pale bado wanakutaja, kaka. Akapiga. Akasema hupatikani." Callixte alitabasamu kwa shida. "Nami nikasema, labda yuko kazini, au simu haina chaji. Nikarudi kusimama."

Murhula angeweza kuliacha neno lipite. Simu huzimika, mtandao hukata, na hakuna aliyekuwapo mezani pake isipokuwa mkewe na bintiye. Alitazama mguu, halafu akatazama ukuta.

"Niliiona," alisema. "Iliita mara tatu. Nilikuwa nakula."

Callixte alifumba macho kama mtu anayesubiri maumivu yapite. Concilie aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na ule mfuko wa unga. Aliubeba mwenyewe mpaka nje, akauweka barazani, akabaki ameushikilia mlango wazi.

"Mama, acha," Callixte alisema.

"Sijasema neno," Concilie alijibu. Mlango aliuacha wazi vilevile.

Murhula alichukua mfuko wake. Kwenye treni aliupakata mapajani, na mama mmoja aliyekuwa amevaa barakoa mbili alihama kiti, si kwa sababu ya unga bali kwa sababu mwanamume yule alikuwa analia bila kujifuta.

*

Jumatatu wakala alipiga. Yule mwanamke aliyeomba wasipige tena alikuwa mchangamfu. Kuna nafasi imepatikana St Marys, mahali pake palepale. Zamu tano. Masharti yaleyale, kibarua. Aanze Jumatano, au wampe mwingine.

Ketsia alifasiri akiitazama meza. Alipomaliza aliuliza, kwa Kiswahili, "Utaenda, Papa?"

Murhula alimgeukia mkewe. Généreuse alikuwa amevaa sare ya kazini, anafunga viatu, na ilibidi apumzike kati ya kiatu na kiatu ili apate pumzi.

"Ya ghala ni saa ngapi?" mke aliuliza. "Kumi na mbili kwa wiki?"

"Kumi na mbili."

Généreuse alifunga kiatu cha pili. "Sasa unaniuliza nini?"

Jumatano kadi mpya ilifungua geti. Terry alimpokea kwa heshima ya mtu aliye na deni asilotaka kulitaja, akamweka kwenye chumba kidogo chenye meza na kalamu. Tangu ajali, alieleza, sheria imekuwa kali. Hakuna anayegusa rola kabla ya kupata mafunzo. Akaweka mbele yake kijitabu chenye jina la Lachlan, akafunua ukurasa mmoja mmoja, akimwonyesha picha kwa kidole, mawimbi ya pembeni, uvimbe wa katikati, midomo ya maji. Ilichukua dakika ishirini na tano. Murhula alitikisa kichwa kila mahali palipotakiwa.

Ukurasa wa mwisho ulipopita, aliuweka mkono wake juu ya kijitabu. "New roll," alisema. "No here. First twenty, slow. Nobody stand." Alitafuta neno jingine, hakulipata. Terry alisema ni kweli, ni jambo zuri, atamwandikia Lachlan barua pepe.

Kisha akamsogezea daftari la mafunzo. Kila mstari ulikuwa na jina, tarehe, na maneno kwamba mhusika amefundishwa kazi hii na ameielewa. Mstari wa juu yake, kwa mwandiko mzuri wa mtoto wa shule ya kambini, ulisomeka Callixte.

Terry aliuliza kama ana swali lolote.

Murhula alisema hana. Akatia sahihi, akavaa kofia, akaenda kwenye rola.